Tunauza kalanga ili tununue siro ya vitamini

Pita leo ku farmasi yoyote ya Lubumbashi, ikuwe ku Kenya, ku Katuba ao ku Ruashi, na uangalie rafu yenye iko karibu na mukono wa muuzaji. Dawa ya malaria haiko pale mbele. Pale mbele kuko siro: nyekundu, ya manjano, ya rangi ya machungwa, na picha ya mutoto munene mwenye anacheka. Watu wanaitaka zote jina moja, «vitamini». Mama anafika, hana karatasi ya munganga, anasema: «Mutoto wangu hakulake, nipatieko vitamini ya muzuri.» Muuzaji haulize mutoto iko na miaka ngapi, haulize kama alipata homa, haulize kama alimupima kilo. Anatoa chupa, mama anatoa franga, mambo imeisha.

Ninaandika leo juu ya ile chupa. Sipigane na vitamini. Bila vitamini mutu anagonjwa na anakufa, na pale hakuna mabishano. Ninapigana na namna tulizoea kuielewa, sawa vile ni nguvu yenye wanafunga mu chupa, na namna mawazo hayo inatosha franga ya chakula mu nyumba zenye hazina hata franga moja ya kutupa.

Tuanze na kitu chenyewe. Jina «vitamini» lilitoka kwa Casimir Funk, mutu wa Poland mwenye alikuwa anafanya uchunguzi mu London. Alilitoa mwaka wa 1912. Leo wanahesabu vitamini 13: A, C, D, E, K na nane za kundi la B. Mwili unaomba kila moja kidogo sana, miligramu, hata chini ya miligramu. Na vitamini haina kalori hata moja. Kazi yake ni kusaidia mwili utumie nguvu yenye inatoka mu bukari, mu maharagi, mu mafuta, mu samaki. Wale wenye wanaendeshaka motokari wataelewa mbio: vitamini ni sawa mafuta ya motere, haiko esanse. Motere bila mafuta itaharibika, ni kweli. Lakini gari yenye haina esanse, hata umimine mafuta ya motere bidoni nzima, haitatoka mu parsele.

Basi mutoto mwenye anakula mara moja kwa siku, bukari na maji ya mboga, kitu chenye kinamukosea kwanza ni chakula. Ukimupatia siro peke yake, unamimina mafuta ya motere mu gari yenye esanse iliisha.

Kuko alama moja yenye inadanganyaka watu wazima. Mutu anakunywa kinini ya B-complexe, kesho yake anaona mukojo umekuwa wa manjano kabisa, anafurahi: «Dawa inatumika!» Ile rangi ni vitamini B2, yenye mwili ulikatala kwa sababu ilikuwa imeisha kutosha. Vitamini za kundi la B karibu zote, na vitamini C, zinayeyuka mu maji, na zenye zinazidi zinapita mu figo na kutoka inje. Ule mukojo wa manjano ni franga yako yenye unamwanga mu choo.

Na serumu je? Mu mingini ya vituo vyetu vidogo, mutu akijisikia muchovu anaomba wamutundikie «serumu ya vitamini», ile ya manjano. Analipa, analala pale saa mbili, anatoka anasema amepata nguvu. Tupige hesabu pamoja. Serumu ya glikozi ya 5%, chupa ya mililita 500, ndani yake kuko gramu 25 za sukari. Gramu 25! Ni karibu kalori 100, chini ya bukari yenye unaweza kamata mu mukono mumoja. Ile manjano ni ampule ya B-complexe. Mugonjwa mwenye anatapika, mwenye hawezi kumeza kitu, serumu inaweza kumuokoa, na munganga ndiye anaamua. Lakini mutu mwenye alifika kwa miguu na kinywa chake kinafanya kazi, anauziwa chai ya sukari kupitia mushipa, na sindano juu yake, na hatari ya maambukizi juu ya sindano.

Ninafika sasa ku kitu chenye kinaniogopesha zaidi. Siro mingi zenye zinauzwa na jina la vitamini ndani yake kuko pia dawa yenye inaitwa siproheptadini. Ile ni dawa ya zamani ya mzio, ya wale wenye wanajikuna na wenye pua inatiririka. Inaleta usingizi na inaleta njaa. Ndiyo maana mutoto «anaanza kukula»: haiko vitamini imefanya vile, ni ile dawa ingine yenye imeandikwa na herufi kidogo nyuma ya chupa, mara mingi mu luga yenye mama hasome. Siku unaacha siro, hamu inarudia fasi yake ya zamani, na mama anarudi kununua chupa ya pili, ya tatu. Mutoto mwenye hajatimiza miaka miwili hapashwe kupewa dawa hiyo. Ni mama wangapi wameisha kuambiwa vile ku farmasi?

Wasichana nao wanajua njia hiyo, kwa mambo ya kunenepa na kuongeza makalio. Wengine wanachanganya siproheptadini na vinini vya deksametazoni. Hapo siyo tena muchezo. Deksametazoni inajaza uso na mwili, watu wanasifu, kumbe inapandisha tansio, inapandisha sukari mu damu, inalegeza mifupa na inapunguza nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Na ukiisha kuizoea, kuiacha gafula inaweza kukuangusha. Na yote ile wanaita «vitamini ya kunenepesha». Nani alipatia watu ruhusa ya kutumia jina hilo kwa kitu cha namna hiyo?

Kisha kuko siro nyekundu, ile wanasema «inaongeza damu». Mutoto iko mweupe mu viganja, mu macho, hachezi tena na wenzake. Mama ananunua siro nyekundu, anangojea wiki mbili. Lakini damu inaisha kwa sababu mingi: malaria inavunja chembe za damu, minyoo inanyonya damu mu matumbo, kukosa chuma mu chakula, na kuko wale watoto wa SS wenye walizaliwa na ugonjwa mu damu yenyewe. Siro moja haiwezi kujibu maulizo hayo yote. Malaria haingojee wiki mbili. Mutoto mwenye viganja vyake vimekuwa vyeupe anapashwa kufika ku kituo cha afya siku ileile, wamupime malaria, wamupime damu, na kisha munganga aseme dawa gani. Wanganga wa pediatri wanajua vizuri hadisi ya chupa tatu zenye zilikuja mbele ya hospitali.

Nitaandika kidogo juu ya sahani yetu, kwa sababu pale ndipo ninaona tunapoteza zaidi.

Siye watu wa Katanga tunakula bukari ya mahindi. Asubui, midi, mangaribi, kama iko. Bukari inashibisha, na sikatae. Lakini mahindi iko na shida moja yenye inajulikana tangu zamani: vitamini B3 yake imefungwa, matumbo hayawezi kuifungua. Watu wa Mexico, wenye walianza kulima mahindi mbele ya watu wote, wanailoweka na kuipika mu maji ya chokaa, na chokaa inaifungua. Wazungu walichukua mahindi, wakaacha chokaa, na ugonjwa wa pelagra ukaua watu maelfu mu Ulaya na kusini mwa Marekani. Ngozi inaungua fasi yenye jua inagusa, shingo, mikono, tumbo linaharisha, mwisho akili inapotea. Pale Marekani walizani ni mikrobe, mpaka munganga Joseph Goldberger, kuanzia 1914, alionyesha ni chakula.

Munisamehe kama ninaenda mbali; ninarudi karibu. Mwaka wa 1990, mu Malawi, wakimbizi wa Msumbiji walikuwa wanaishi kwa chakula cha musaada: unga wa mahindi, maharagi kidogo, mafuta, na kalanga. Kalanga ikakosekana mu ile musaada. Mu miezi kidogo wakahesabu karibu wagonjwa 18,000 wa pelagra. Mahindi ilikuwako. Kitu chenye kilikosekana ni kalanga.

Sasa angalia mama wetu wa mu Kipushi ao wa mu bilanga vya Kasenga. Analima kalanga. Anafunga magunia, anauza yote mu soko, anabakia na ya mbegu tu. Franga yenye inatoka mule, sehemu moja inaenda kununua siro ya «multivitamine» ya mutoto. Mukono mumoja wa kalanga, gramu 30 hivi, unaleta karibu robo ya vitamini B3 yenye mutu mukubwa anaomba kwa siku, na juu ya hiyo protini na mafuta yenye siro haina. Sisemi asiuze, masomo ya watoto italipwa na nini? Ninasema tu abakishe debe moja mu nyumba, aitwange, aitie mu kibwabwa na mu matembele sawa vile mama yake alikuwa anafanya. Zamani ile haikuwa chakula cha sikukuu.

Kitu cha pili ni mafuta ya ngazi. Ile rangi nyekundu ya mafuta ni karotini, na karotini ndiyo mwili unageuza kuwa vitamini A. Mu chakula chote cha asili chenye kinajulikana duniani, mafuta mekundu ya ngazi iko kati ya yenye kushinda kwa karotini. Tuko nayo kwetu, inatoka Kongolo, inatoka Lomami, inatoka Kasai. Na siye tunaiwasha ku moto mpaka inakuwa nyeupe, moshi unajaa jikoni, juu «harufu iishe». Ukiona nyekundu imeisha, ujue vitamini A imeisha naye. Wengine walishaacha kabisa, wananunua paka mafuta meupe ya kopo kwa sababu inaonekana ya watu wa mujini. Mafuta meupe hayana karotini. Kama kiwanda hakikuongeza vitamini A ndani, na ingeandikwa ku kopo, hakuna kitu. Sisemi mutu akunywe mafuta ya ngazi kwa kikombe, haiko muzuri kwa moyo. Kijiko kimoja mu sombe ya mutoto, kitiwe ku mwisho, moto ukiwa kidogo, inatosha. Na bila mafuta yoyote, ao kalanga, karotini yenye iko mu majani inapita tu mu tumbo bila kuingia mu mwili. Ndiyo maana mutoto anaweza kukula lengalenga kila siku, ya kuchemushwa na chumvi tu, na macho yake ikabakia na shida.

Sombe yenyewe haipashwe kukatwa mafupi mu kupika: iko na sumu ya muhogo, inaomba kutwangwa vizuri na kuchemuka muda mrefu. Vitamini C itakufa mule, ni ya lazima. Kisha chakula kuko pera. Pera iko na vitamini C karibu mara ine ya chungwa, na mu parsele zetu watoto wanaikula bure, na wakubwa wanawafukuza: «Mutapata kuvimbiwa!» Na maembe, mu mvua, inaoza chini ya miti mu mitaa yote ya mujini. Embe la manjano ndani limejaa karotini. Ni siro yenye Mungu alitundika ku muti, na bei yake mu mwezi wa kumi na mbili ni karibu bure.

Ningependa pia kusema kitu juu ya unga wa manjano, ijapo ninajua watu watanichekelea. Kwetu unga mweupe ndio wa heshima, wa manjano ni wa kuku ao wa musaada. Lakini mahindi meupe haina karotini, ya manjano iko nayo. Zambia walianza kutoa mbegu za mahindi ya rangi ya machungwa tangu 2012, juu ya vitamini A. Ku INERA pia walifanya kazi juu ya muhogo wa manjano. Ni nani kati yetu aliisha kuona mbegu hizo mu soko ya Lubumbashi?

Sitaki musomaji aelewe mubaya, aende nyumbani atupe kila kinini. Kuko vitamini zenye ni dawa kweli, na hizo ndizo watu wanazarau kwa sababu ni za bure. Ile kapsile ya vitamini A yenye wanatoboa na kuminya mu kinywa cha mutoto, ya blue kwa wa miezi 6 mpaka 11, nyekundu kwa wa mwaka moja mpaka wanatimiza miaka mitano, mara mbili kwa mwaka: mama mwenye alinunua siro tatu anafungia watu wa kampanye mulango, anasema wataua mutoto wake. Mu Indonesia, mu jimbo la Aceh, munganga Alfred Sommer na wenzake walifuata watoto zaidi ya 25,000. Mwaka wa 1986 walitangaza kama mu vijiji vyenye vilipata kapsile, vifo vya watoto vilipunguka karibu sehemu moja juu ya tatu. Mutoto mwenye anakosa vitamini A hapoteze tu macho ya mangaribi, pale anaanza kugongana na viti jua likizama. Surua na kuhara vinamuua kwa urahisi. Na siye surua tunaijua: kutoka 2019 mpaka mwanzo wa 2020, inchi yetu ilipoteza watu zaidi ya 6,000, karibu wote watoto. Mutoto mwenye iko na surua anapashwa kupewa vitamini A siku mbili zenye zinafuatana. Uliza munganga, dai, usitoke bila ile.

Mama wa mimba naye, ku CPN wanamupatia vinini vya chuma na asidi foliki. Anarudia nyumbani, choo kinakuwa cheusi, tumbo linamusumbua, anaviweka mu sanduku na kununua siro tamu. Choo cheusi hakina hatari hapo, ni chuma tu. Akunywe kinini pamoja na chungwa ao pera, siyo na chai, kwa sababu chai inazuia chuma kuingia. Na asidi foliki ingefaa kuanza mbele ya mimba, kwani mufupa wa mugongo wa mutoto na ubongo vinajifunga mu siku 28 za kwanza, wakati mingi mama hajajua hata kama iko na mimba. Lakini kapsile nyekundu ya watoto asiiguse! Vitamini A nyingi mu mimba inaweza kulemaza mutoto tumboni. Hapo pia jina «vitamini» linadanganya, watu wanazani kitu chenye jina hilo hakiwezi kuumiza. A, D, E na K hazitoke na mukojo mbio. Zinabakia mu mwili, A na D zaidi zinaweza kuwa sumu.

Basi ni nani anapashwa kufanya nini? Mama wa mulango wa farmasi siye wa kwanza kulaumiwa. Anapenda mutoto wake, na redio inamuimbia siro asubui na mangaribi. Sheria haikosekane: kuko ACOREP, mamlaka ya dawa ya inchi yetu, na kuko Divizio ya afya ya jimbo na wakaguzi wake. Siro yoyote yenye siproheptadini iko ndani inapashwa kutoka ku rafu ya mbele, iuzwe kwa karatasi ya munganga tu, na ku chupa waandike kwa Kiswahili, na herufi kubwa, kama kuko dawa ya usingizi ndani na kama haiko ya mutoto wa chini ya miaka miwili. Redio zenye zinakamata franga ya matangazo hayo ziombwe kuonyesha ruhusa. Hiyo haiombe dolari za wazungu.

Na kuko mufano ku mupaka. Tangu 1998, sheria ya Zambia inaomba sukari yenye watu wanakula mu nyumba itiwe vitamini A mu kiwanda. Hakuna mama mwenye anafikiri, hakuna mutoto mwenye anakatala, inaingia mu chai. Motokari za unga, za sukari na za mafuta zinapita Kasumbalesa mchana na usiku, zinapimwa kodi ku kila kizuizi. Siku moja wabunge wetu wa jimbo waulize wenye kupima kodi kama kuko hata moja kati yao mwenye anapimaka vitamini yenye iko ndani.